Kusubu vyuma kwa nta: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Maswali haya yametoka mezani kwenye karakana yetu ya Nyakato, kwenye simu, na kwenye ujumbe wa WhatsApp wa watu wa viwanda vya samaki, wenye boti, wachimbaji na mafundi wenzetu. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yanayotokea mara chache. Ukiwa na haraka, anza na swali la 5. Wengi wanaofika kwetu hawahitaji njia hii, na jibu hilo litawaokolea nauli.

## Mambo ya msingi

1. Kusubu kwa nta ni nini hasa?

Ni kutengeneza kipande cha chuma kwa kuanzia na mfano wake wa nta. Nta laini inasukumwa ndani ya kalibu ya alumini, ikiganda inatoka na umbo lote la kipande unachotaka. Mifano kadhaa inabandikwa kwenye shina moja la nta, na mkusanyiko huo tunauita mti. Mti unachovywa kwenye uji wa kauri, unanyunyiziwa mchanga mkavu, unaachwa ukauke, unachovywa tena. Tunarudia hivyo mara sita hadi tisa, mpaka kupatikane gamba la unene wa milimita 6 hadi 10. Gamba linapashwa moto, nta inatoka, pengo linabaki. Kisha linachomwa mpaka liwe jekundu, chuma kinamwagwa lingali na moto, na likipoa linavunjwa.

Kila kipande kinakula mfano mmoja wa nta na gamba lake. Kinachobaki kwa matumizi ya kesho ni kalibu ya alumini tu, na hiyo ndiyo gharama kubwa ya mwanzo (swali la 18).

2. Hii ni teknolojia mpya?

Hata kidogo. Mafundi wa Igbo-Ukwu na Benin, huko Nigeria ya leo, walisubu vyombo na sanamu kwa nta karne nyingi kabla ya kuwepo kiwanda chochote, na sonara anayekutengenezea pete hapa mjini huenda anatumia njia hiyohiyo. Kilichokuja baadaye ni usahihi. Mwaka 1907 daktari wa meno wa Chicago, William Taggart, alionyesha namna ya kusubu vijazio vya dhahabu vya meno vinavyokaa barabara kwenye tundu la jino. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vikaichukua njia hiyo kwa mabawa ya turbini za injini za ndege, kwa sababu metali zake zilikuwa ngumu mno kuchongwa.

Wazee wengine hutuuliza kama hii ndiyo kazi ya Warongo wa Uzinza na pande za Geita. Siyo. Warongo walichoma mawe yenye chuma kwa mkaa kwenye tanuru za udongo, wakapata bonge, wakalifua kwa nyundo kuwa jembe. Ni kazi ya kuheshimika sana, lakini chuma chao hakikumwagwa kwenye kalibu.

3. Inatofautianaje na kumwaga kwenye mchanga?

Kwenye mchanga unabonyeza mfano wa mbao, unautoa, unamwaga chuma mahali ulipokuwa. Ni haraka na ni rahisi, na kwa kipande cha kilo 40 sioni sababu ya kutafuta njia nyingine. Ila mfano lazima utoke bila kubomoa mchanga, kwa hiyo maumbo mengine hayawezekani bila vipande vya ndani vya kuzuia nafasi isijae chuma. Pia mstari wa maungio unabaki, na uso unatoka na chembechembe.

Kwenye nta mfano hautolewi, unayeyushwa. Gamba halina maungio. Ndiyo maana impela (gurudumu la pampu linalosukuma maji) iliyofunikwa pande zote mbili, yenye mabawa yaliyopinda ndani, inawezekana: tunaunganisha vipande viwili vya nta kabla ya kuvaa gamba, na chuma kinatoka kitu kimoja.

4. Kwa nini nisichonge tu kwenye lethi?

Chonga. Kama ni bushi, pini au shafti, fundi wa lethi atakumalizia kabla ya saa saba mchana, na sisi tungekuwa bado hatujachovya gamba la kwanza. Njia ya nta inaanza kulipa pale ambapo kuchonga kungegeuza nusu ya stenlesi uliyonunua kuwa vumbi la sakafuni, au pale ambapo kisu cha mashine hakifiki.

## Je, kipande changu kinafaa?

5. Mnapokea vipande gani, na vipi mnavikataa?

Tunaangalia mambo matatu: umbo gumu, metali ngumu au ya bei, na idadi ya makumi kwenda juu. Yakikutana mawili kati ya hayo, tuongee.

Viwanda vya minofu ya sangara ndivyo vinavyofaa kuliko wateja wengine wote wa mkoa huu. Impela ndogo za pampu, miili ya valvu, nozeli za kuoshea, bawaba za milango ya vyumba vya baridi, vikono vya mashine za kufungashia: vyote ni stenlesi, vina maumbo ya ajabu, vinaoshwa kwa dawa yenye klorini kila zamu, na vinatakiwa kuwa na uso laini ili mabaki ya samaki yasijifiche. Spea hizo nyingi huagizwa nje, na kiwanda kinasimama kikisubiri kipande kinachoenea kiganjani.

Wenye boti wanaleta mchanganyiko. Kulabu, vishikio vya kamba, mabano ya usukani na viungo vya bomba vinafaa. Lakini karibu kila mwezi kuna anayetaka impela ya pampu ya kupozea mashine ya boti, na hiyo ni ya mpira. Hatuwezi kuisubu, na hata tungeweza, ingekata nyumba ya pampu yako.

Wachimbaji wa Geita na Misungwi wanatafuta nyundo za karasha na vibao vya ndani ya kinu. Hapo huwa tunawashauri waende kwa wanaomwaga kwenye mchanga. Nyundo ni nzito, na inatakiwa iwe ya chuma chenye manganizi au kromi nyingi, kisha italiwa na mawe. Kitu kinachonunuliwa ili kiliwe hakihitaji uso laini, na fedha ya gamba inapotea bure. Vipande vidogo vya pampu zao, hasa vya valvu, hivyo vilete.

Viwanda vya kuchambua pamba: vikono na vishikio vidogo, ndiyo. Gia kubwa, hapana. Meno ya gia inayobeba mzigo yachongwe.

6. Propela yangu ya alumini inavunjika kila nikigonga mwamba. Mnaweza kunisubia ya stenlesi?

Propela za stenlesi za mashine za boti kweli hutengenezwa duniani kwa njia hii ya nta. Swali ni kama unaitaka. Mwamba wa Mwanza hautaondoka; ukigonga, nguvu ile lazima iende mahali. Alumini inakubali kupinda na kukatika, hasara inaishia hapo. Stenlesi haikubali, na kama mpira wa katikati ya propela hautateleza, pigo linaingia kwenye shafti na gia. Gia ni ghali kuliko propela.

Kuna na jambo la mizani. Propela inayotofautiana uzito bawa kwa bawa inatikisa mashine nzima, kwa hiyo kusubu ni nusu ya kazi, na kusawazisha ni nusu nyingine. Kwa boti moja tunakushauri ununue mpya. Kwa kampuni yenye boti nyingi za aina moja, hesabu inabadilika.

7. Nikileta spea iliyolika, mnaweza kutoa nyingine kama hiyo?

Kama hiyo, yaani iliyolika? Ndiyo, na hapo ndipo shida ilipo.

Kipande kilichofanya kazi miaka mitano kimepoteza milimita mahali ambapo ndipo palipokuwa na kazi. Tukikinakili tutakupa kipya chenye ulegevu wa kizamani. Kwa hiyo leta pia mwenzake: shafti kinachoingia, nyumba kinamokaa, hata bolti zake. Tunapima mahali palipobaki bila kulika, tunapima mwenzake, ndipo tunachora. Kama kipande kimevunjika vipande vinne, leta vyote vinne bila kuvichomelea. Mafundi wengi wanachomelea kwanza ili kisipotee, na joto la kuchomelea linapinda kila kitu tulichotaka kupima.

8. Ukubwa na unene wake ukoje?

Duniani njia hii inatoa vipande kuanzia gramu chache hadi zaidi ya kilo 100. Karakana ndogo kama yetu inafanya vizuri kati ya gramu 20 na kilo 5, kwa sababu gamba zito halichovyeki kwa mkono. Ukuta wa stenlesi uwe angalau milimita 2. Chini ya hapo chuma kinaweza kuganda kabla hakijafika mwisho. Na usichanganye ukuta wa milimita 3 na bonge la milimita 30 pembeni yake bila mpito, maana bonge litachelewa kuganda na litajinyonya ndani (swali la 21).

9. Usahihi wake ni kiasi gani?

Kadiria asilimia 0.5 ya kipimo. Kipimo cha milimita 25 kitatoka ndani ya 0.13 juu au chini. Cha milimita 100 ndani ya 0.5. Uso unatoka na ukwaruzo wa mikroni 1.6 hadi 3.2, laini kiasi cha kupita ukucha bila kukwama.

Mahali pa beringi panataka usahihi wa sehemu moja au mbili za mia za milimita. Hapo hakuna anayesubu moja kwa moja: tunaacha nyama ya nusu milimita hadi milimita moja, lethi inamalizia. Mchoro ukija umeandikwa 0.02 kila sehemu, tunajua aliyechora hakuwaza kitu, na tunampigia simu kuuliza ni sehemu zipi hasa zinagusana na kitu kingine. Mara nyingi huwa mbili.

10. Matundu, tredi, herufi?

Tundu linalopenya upande hadi upande ni rahisi kama si jembamba sana. Tundu lisilopenya lisizidi kina sawa na upana wake, au mara moja na nusu, kwa sababu uji na mchanga lazima viingie mpaka chini na vitoke. Tredi usisubu, kata baadaye. Kona za ndani zipe mviringo wa milimita 1 au zaidi, la sivyo gamba linapasuka hapo. Herufi na namba za spea zinatoka vizuri, na haziongezi bei kama ziko kwenye kalibu tangu mwanzo.

## Metali

11. Mnasubu metali zipi?

Stenlesi za 304 na 316, chuma cha kaboni, bronzi na alumini.

Kwa kiwanda cha samaki tunapendekeza 316. Ina molibdeni ya asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayozuia vishimo vinavyoletwa na klorini na chumvi. Ya 304 itaonekana sawa siku ya kwanza. Baada ya kusubu, stenlesi hizi zinapashwa moto tena hadi zaidi ya nyuzi 1,040 na kuzamishwa kwenye maji, kisha zinaoshwa kwa asidi. Ukiletewa stenlesi ya kusubu ambayo haikupitia hatua hiyo, kutu itakuonyesha.

Maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo kwa pampu ya kuvuta maji ya ziwa bronzi inatosha na ni rahisi kuchonga. Tahadhari moja: bronzi ya kawaida ya pampu ni shaba asilimia 85, na iliyobaki ni bati, zinki na risasi, asilimia 5 kila moja. Risasi hiyo haitakiwi kwenye maji ya kunywa wala popote samaki wanapogusa.

12. Sumaku inashika stenlesi mliyonipa. Mmenidanganya?

Hili linatuletea ugomvi kuliko maswali yote. Stenlesi ya 316 iliyopigwa kuwa bati au shafti kwa kawaida haishiki sumaku. Ile iliyosubiwa imewekewa mchanganyiko tofauti kidogo kwa makusudi, ili sehemu ndogo ya ndani yake iwe ya aina inayoshika sumaku. Bila sehemu hiyo chuma kingepasuka kikiwa kinaganda. Kwa hiyo sumaku kuvutwa kidogo ni kawaida. Ikibana kwa nguvu kama kwenye chuma cha kawaida, hapo una haki ya kurudi.

13. Nimepima kwa bunduki ya eksirei (kifaa cha mkononi cha kupimia metali) ya mnunuzi wa dhahabu. Inatosha?

Inatosha kuonyesha kromi, nikeli na molibdeni, yaani kutofautisha 304 na 316. Kaboni haiioni kabisa. Kama mkataba wako unadai kaboni ya chini kwa ajili ya kuchomelea, inahitajika mashine ya cheche ya maabara, na tunapeleka kijiti kilichomwagwa kutoka chungu kilekile.

14. Naweza kuleta chuma chakavu changu?

Mabaki safi ya stenlesi yanayojulikana asili yake, ndiyo. Sufuria, masinki na vijiko vilivyochanganywa, hapana. Hatujui ndani kuna nini na hatuwezi kukuandikia cheti. Shaba iliyochomwa kutoka kwenye nyaya hatuipokei kutoka kwa mtu yeyote, na tusiulizane kwa nini.

## Kazi yenyewe na muda wake

15. Kumwaga chuma ni dakika chache. Kwa nini mnasema wiki kadhaa?

Kwa sababu ya gamba, na gamba ndiyo kazi.

Tabaka la kwanza lina unga laini wa zirkoni, kwa kuwa ndilo litakaloacha alama kwenye uso wa chuma chako. Yanayofuata ni ya mchanga mnene zaidi, kwa ajili ya nguvu. Kila tabaka lazima likauke kabla ya lingine, na hapa watu wanadhani tungewasha tu feni kubwa au kuweka juani. Fikiria kinachotokea: maji yakivukiza kwenye gamba yanaipoza nta iliyo ndani, nayo inasinyaa. Gamba likishakauka, nta inarudi kwenye joto la chumba na kutanuka, gamba tayari ni gumu, linapasuka. Ufa wenyewe hauuoni. Utauona baadaye kama mshipa mwembamba wa chuma juu ya kipande. Kwa hiyo tunakausha polepole, kwenye chumba ambacho joto lake halibadiliki zaidi ya nyuzi mbili.

Mwanza inaongeza yake. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli zikianza, hewa ya ziwani inakuwa na unyevu kiasi kwamba tabaka lililokuwa likikauka kwa saa nne linakataa hata kwa saa kumi. Mashine ya kukausha hewa inasaidia ila haimalizi. Wateja wa viwandani waliozoea wanaagiza Juni hadi Septemba, na tungependa wote wangefanya hivyo.

Kisha kuna kutoa nta. Nta inatanuka kuliko kauri, kwa hiyo ukiipasha taratibu inalipasua gamba kabla haijayeyuka. Tunafanya kinyume chake: mti unaingizwa kwenye chombo cha mvuke, mgandamizo unapandishwa kwa sekunde chache, ngozi ya nje ya nta inayeyuka kwanza na kuacha nafasi ya ile ya ndani kutanukia. Nta inakusanywa, inachujwa, inarudi kutumika kwenye mashina.

Baada ya hapo gamba linachomwa kwenye nyuzi 900 hadi 1,000, nta iliyobaki inaungua yote, na stenlesi inamwagwa ikiwa karibu nyuzi 1,600. Kiasi cha kuyeyusha tunakijua kwa kupima mti wa nta kwenye mizani kabla ya kuuchovya: stenlesi ni uzito wa nta mara nane, alumini ni karibu mara tatu. Fundi yeyote wa kazi hii anayekisia kwa jicho atakupa siku moja kipande kilichokatika kichwa.

16. Mnatumia nta ya nyuki ya Tabora?

Kwa sehemu. Nta ya nyuki inayeyuka karibu nyuzi 63, inashikana vizuri na inanakili kila mchoro, lakini peke yake ni laini na inanata kwenye kalibu. Parafini ni ngumu zaidi ila inavunjika. Tunachanganya hizo mbili na ulimbo, kwa vipimo ambavyo kila karakana inavificha kama mapishi ya pilau. Kwa maumbo membamba sana tunanunua nta ya kiwandani yenye unga wa kujazia, isiyosinyaa sana.

Mchana wa Mwanza wenye nyuzi 28 na zaidi unatosha kupindisha mfano mrefu uliolazwa mezani. Ndiyo maana ukifika kwetu utakuta chumba cha nta kina kiyoyozi na ofisi haina.

17. Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Inategemea umekatika wapi. Kwenye kukausha, tunasubiri. Magamba yakiwa tanuruni, tunafunga mlango yapoe taratibu, kisha kila moja linakaguliwa upya kabla ya kurudi motoni.

Chuma kikiwa kimeyeyuka, hapo ni mbio. Tanuru letu la umeme lina koili ya shaba inayopozwa kwa maji, na chungu chenye stenlesi kinaendelea kuichoma hata umeme usipokuwepo. Jenereta yetu haiwezi kuyeyusha kilo moja. Kazi yake ni kuendesha pampu ya maji ya koili tu. Chuma kilichopoa hakimwagwi ili kuokoa siku. Kinagandishwa kwenye vipande vya akiba na kuyeyushwa tena, na mteja anapigiwa simu.

## Bei na idadi

18. Kwa nini kipande kimoja ni ghali hivyo?

Kwa sababu ya kalibu ya alumini. Kwa mfano tu, si bei yetu: tuseme kalibu ni shilingi milioni 2. Ukitaka vipande 10, kila kimoja kinabeba shilingi 200,000 kabla hatujayeyusha chochote. Ukitaka 400, kinabeba 5,000. Kalibu ukishailipia ni yako. Tunaitunza, na ukitaka kuichukua uende kwa fundi mwingine tunakukabidhi.

Kalibu inachongwa kubwa kuliko kipande, kwa sababu nta inasinyaa na chuma kinasinyaa. Kwa stenlesi, kipimo cha milimita 100 kwenye kalibu kinakuwa kati ya 102 na 103. Ukija na kalibu ya karakana nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya vipande vya alumini ukataka tumwage stenlesi, vipimo havitakubaliana.

19. Na kama ninataka kimoja tu?

Siku hizi mfano unaweza kuchapishwa kwa printa ya vipimo vitatu, kwa nta au kwa plastiki inayoungua, bila kalibu yoyote. Kila mfano ni ghali kuliko wa nta iliyosukumwa, lakini hulipii kalibu. Plastiki zinaacha majivu, kwa hiyo gamba linachomwa kwa hewa nyingi na wakati mwingine linapulizwa ndani kabla ya kumwaga. Tunaipendekeza pia kwa wanaotaka 50: chapisha kimoja, kifunge kwenye mashine, kifanye kazi wiki mbili, ndipo ulipie kalibu.

20. Mnataka malipo gani ya awali?

Kalibu yote, na nusu ya vipande.

## Kasoro

21. Nilipochonga nilikuta vitundu ndani. Imetokeaje?

Kuna vya aina mbili. Vya mviringo na laini ndani ni hewa: chuma kilikuwa na gesi, au gamba halikuungua vizuri. Vyenye kuta za miiba, vilivyokaa penye unene, ni kujinyonya. Sehemu hiyo iliganda mwisho, ikasinyaa, na hapakuwa na chuma cha kuijaza kutoka kwenye mlango, yaani njia ambayo chuma huingilia.

Aina ya kwanza ni kosa letu. Ya pili mara nyingi ni kosa la mchoro, ila tunakubali kubeba lawama kama tuliupokea bila kusema (swali la 8). Vyovyote vile tuletee kipande chenyewe. Picha ya WhatsApp haionyeshi miiba.

Nyufa za juu tunazitafuta kwa rangi nyekundu inayopenya: inapakwa, inafutwa, inapuliziwa unga mweupe, na ufa unajichora. Vipande vya mgandamizo mkubwa vinahitaji picha ya eksirei, na gharama yake ni juu ya mteja.

22. Mnaruhusiwa kuchomelea kasoro na kunipa?

Kitundu kidogo mahali pasipo na kazi kinaweza kuchomelewa kwa waya wa metali ileile, mradi kazi hiyo ifanyike kabla ya kipande kupashwa moto tena (swali la 11), na mradi umekubali kwa maandishi. Kuchomelea kimyakimya na kung'arisha kwa grenda ni wizi.

## Mambo ya pembeni

23. Mnaweza kuweka nembo ya kampuni iliyotengeneza ile ya kwanza?

Hapana. Tunaweza kuweka namba ya spea, alama ya metali na jina lako. Mtu akifunga kipande chetu akidhani ni cha Japani, kikivunjika hatajua wa kumuuliza.

24. Ninataka kujaribu nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na brasi au bronzi, kwa plasta ya masonara. Plasta hiyo haifai kwa chuma wala stenlesi, inaharibika kabla ya kufika joto lake.

Maji ni adui wa kwanza. Tone moja chini ya chuma kilichoyeyuka linageuka mvuke mara moja na kurusha kila kitu juu, kwa hiyo vijiko, vyungu na sakafu ya mchanga vyote vikaushwe kwa moto kwanza, na usimwagie juu ya zege. Adui wa pili haonekani: vumbi la silika la kuchanganya uji na kuvunja magamba linaharibu mapafu kama lile la mashimoni. Kitambaa puani hakisaidii. Tumia barakoa ya vichujio, na uvunje gamba likiwa limeloa. Ukishaajiri hata mtu mmoja, jiandikishe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

25. Mnasubu dhahabu? Vipi vipande vya silaha?

Dhahabu peleka kwa sonara mwenye leseni. Sisi hatuna, na hatutaki kuwa na gramu za mtu kwenye chungu chetu. Vipande vya silaha hatusubu, iwe ya kampuni ya ulinzi au kifyatulio cha gobole la babu. Utengenezaji wake unasimamiwa na sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, na mchoro wa aina hiyo hatuupokei hata kwa kukadiria bei.